Kikulacho ndicho kikujengacho

Wahenga walituachia usemi kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Usemi huo hutumika zaidi pale ndugu anapomgeuka ndugu yake, au mtumishi anapoiibia ofisi inayomlisha. Lakini wiki hii, ndugu msikilizaji, nataka tuuchukue usemi huo tuuingize mwilini. Ndani ya mifupa yako, hata wakati huu unaposikiliza, zimo chembe hai ambazo kazi yake kubwa ni kula mfupa. Si wadudu wala si ugonjwa. Ni chembe zako mwenyewe, ulizaliwa nazo, na lau zisingekuwapo huenda ungekuwa kipofu.

Habari ya chembe hizo nitaiunganisha na habari nyingine ambayo kwa mbali haihusiani nayo: habari ya jicho lisilokauka machozi. Wapo miongoni mwetu watu wazima, na wengi wao ni akina mama wa makamo, ambao jicho moja huwatiririka mchana kutwa, kwenye daladala, sokoni, hata harusini. Watu huwauliza, "Mama, nani amekuudhi?" Kumbe hakuna aliyemuudhi. Ni bomba limeziba.

Machozi hayatoki tu wakati wa msiba. Yanatengenezwa kila dakika ili kulilowesha jicho, kisha huondoka kwa njia maalumu. Ukitazama kwenye kioo, karibu na pua, utaona kijitundu kidogo kwenye ukingo wa kope la juu na kingine kope la chini. Machozi huingia humo, yakakusanyika katika kifuko kidogo kilicholala kwenye kishimo cha mfupa pembeni mwa pua, halafu yakateremka kwa mfereji mpaka ndani ya pua. Ndiyo sababu mtu akilia sana hupenga kamasi. Mfereji ukiziba chini, machozi hukosa pa kwenda. Yakituama katika kile kifuko hugeuka usaha, na mahali hapo huvimba na kuuma kupita kiasi.

Maradhi haya ni ya kale. Katika sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata miaka 3,750 iliyopita, mganga aliyepasua karibu na jicho kwa kisu cha shaba na jicho likapona alipaswa kulipwa shekeli 10 za fedha. Jicho la mwungwana likiharibika, mganga hukatwa mikono. Baadhi ya wataalamu wa lugha za kale wanadhani kilichopasuliwa kilikuwa jipu la kifuko cha machozi. Karne nyingi baadaye Celsus wa Roma, na baada yake al-Zahrawi wa Cordoba aliyefariki mwaka 1013, waliandika jinsi ya kulitibu donda hilo kwa chuma cha moto kilichochoma mpaka kwenye mfupa. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mwingereza John Thomas Woolhouse, aliyefanya kazi Paris, alikuwa akikitoa kifuko, anautoboa mfupa mwembamba ulio nyuma yake, na kuweka kijibomba cha dhahabu, fedha au risasi ili tundu lisizibe.

Angalia wazo lao, ndugu msikilizaji. Wote waliona kwamba kikwazo ni mfupa. Ukiutoboa, ukauchoma, ukauzuia usirudi, basi umeshinda. Wazo hilo lilidumu muda mrefu sana, na wagonjwa wengi waliteseka kwa ajili yake.

Tuliache jicho kidogo, twende kwenye mfupa wenyewe.

Kwa karne nyingi watu waliuona mfupa kama jiwe: kitu kigumu kinachokua mpaka utu uzima, kikasimama hapo. Aliyeanza kuitikisa fikra hiyo alikuwa daktari wa London, John Belchier. Siku moja alikuwa akila chakula nyumbani kwa mtu mwenye kazi ya kupiga chapa vitambaa, akaona mifupa ya nyama ya nguruwe iliyoandaliwa ni myekundu. Alipouliza akaambiwa nguruwe hao walilishwa pumba zilizokuwa zimetumika kusafisha rangi ya vitambaa, rangi iliyotokana na mizizi ya mmea fulani. Belchier akaandika habari hiyo mwaka 1736. Maana yake ilikuwa kubwa: rangi ya tumboni imefika mfupani, kwa hiyo mfupa unakula na kujengwa kama nyama nyingine.

John Hunter, daktari mpasuaji mashuhuri wa Uingereza aliyefariki mwaka 1793, aliitumia rangi hiyo hiyo kuwalisha wanyama kwa vipindi. Aliona kwamba mfupa huongezwa upande mmoja na kupunguzwa upande mwingine. Fikiri juu ya fuvu la mtoto linavyokua: bila kuondolewa mfupa kwa ndani, ubongo ungekosa nafasi. Basi nani anayepunguza? Mwaka 1849 Mfaransa Charles Robin aliona katika uboho chembe kubwa ajabu, zenye viini vingi badala ya kimoja. Mwaka 1873 Albert Kölliker, aliyekuwa akifundisha Würzburg nchini Ujerumani, akatangaza kwamba hizo ndizo zinazouvunja mfupa, akazipa jina ambalo kwetu tunaweza kulitamka osteoklasti.

Kazi yake ni ya kustaajabisha. Osteoklasti hujibandika juu ya mfupa kama kikombe kilichofunikwa sahanini, ikamwaga tindikali ya kuyeyusha chokaa, kisha vimeng'enya vya kusaga kile kilichobaki. Inapoondoka huacha kishimo. Nyuma yake huja chembe nyingine, wajenzi, wakakijaza kwa mfupa mpya. Wavunjaji humaliza mahali pamoja kwa muda wa wiki tatu hivi. Wajenzi huhitaji miezi mitatu au zaidi. Kwa mtu mzima, takriban sehemu moja katika kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Wavunjaji wakiwazidi kasi wajenzi, kama inavyotokea kwa akina mama wengi baada ya kukoma hedhi, mifupa hudhoofika na kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Kwa kusikia hivyo unaweza kusema, wauawe hao wavunjaji! La hasha. Mwaka 1904 daktari wa Hamburg, Heinrich Albers-Schönberg, mmoja wa waasisi wa upigaji picha wa eksirei, alieleza habari za kijana ambaye mifupa yake kwenye picha ilikuwa myeupe na mizito kama marumaru. Ilionekana imara, lakini ilivunjika ovyo kama chaki. Huo ndio ugonjwa unaotokea pale wavunjaji wanaposhindwa kazi. Mfupa wa zamani hauondolewi, uboho hukosa pa kukaa, damu hupungua. Matundu ya fuvu hubanwa, na mshipa wa fahamu wa jicho ukibanwa mtoto hupofuka. Hata mfereji wa machozi huweza kuziba. Hivyo basi, njia nyingi tulizo nazo ndani ya mifupa ya kichwa zimewekwa wazi na wale wale tuliotaka kuwaua.

Miaka ya 1970 Donald Walker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliwaunganisha panya wenye maradhi hayo na panya wazima ili damu zao zichanganyike. Wagonjwa wakapona. Ikadhihirika kwamba wala mifupa hawazaliwi mfupani. Asili yao ni uboho, na husafiri kwa damu. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba mtoto mchanga wa kike mwenye mifupa ya marumaru alikuwa amepewa uboho wa kaka yake. Walipochunguza mfupa wake, walaji wapya walikuwa na alama ya kiume. Kaka alikuwa amemwazima dada yake wavunjaji.

Sasa turudi kwenye jicho. Mwaka ule ule wa 1904, huko Florence nchini Italia, Addeo Toti alieleza upasuaji mpya. Hakukitoa kifuko cha machozi wala hakukichoma. Alipasua ngozi pembeni mwa pua, akaondoa kipande cha mfupa, akaacha kifuko kifungukie puani moja kwa moja. Mwaka 1893 George Caldwell wa Marekani alikuwa amejaribu kazi kama hiyo kwa kupitia tundu la pua, lakini wakati huo hapakuwa na chombo cha kuonea vizuri ndani. Njia ya Toti ilishika, ingawa matundu mengine yaliziba tena.

Jawabu lilikuja mwaka 1921 kutoka kwa Wafaransa wawili, Dupuy-Dutemps na Bourguet. Wao hawakuongeza nguvu kwenye mfupa. Walichukua utando laini wa kifuko na utando laini wa pua, wakaushona pamoja, kama fundi cherehani anavyounganisha bitana ili pindo lisifumuke. Matokeo yakawa mazuri zaidi. Msingi wa upasuaji huo ungali unatumika hadi leo, na kwa mikono yenye uzoefu wagonjwa tisa katika kila kumi au zaidi hupona.

Swali la zamani lilibaki: tundu likiziba, ni mfupa uliorudi? Mwaka 1982 John Linberg na wenzake huko Marekani walifanya jambo ambalo ni rahisi kulitaja na gumu kulitenda. Waliwarudia wagonjwa waliokwisha kupona, wakawatazama ndani ya pua na kupima. Daktari alikuwa ameacha tundu la mfupa lenye upana wa milimita 12 hivi. Baada ya kupona, mlango uliobaki ulikuwa, kwa wastani, chini ya milimita 2. Tena ukubwa wa tundu la mwanzo haukuonyesha uhusiano wa maana na ukubwa wa mlango wa mwisho. Kinachoupunguza mlango ni kovu la nyama laini. Na milimita 2 zinatosha kabisa kupitisha machozi, mradi mlango umepata utando wake.

Hapo ndipo hukumu ya karne nyingi ilipogeuka. Mfupa uliotuhumiwa tangu enzi za chuma cha moto hakuwa adui mkuu. Kuuchoma kulizidisha kovu, na kovu ndilo linaloziba. Mwaka 1989 McDonogh na Meiring walieleza upasuaji wa kupitia puani kwa kutumia kimulimuli chembamba cha kuonea ndani. Ndoto ya Caldwell ilitimia bila kuacha alama usoni.

Dawa nazo zina fundisho lake. Kundi la kemikali lililotumika viwandani kuzuia ukoko wa chokaa katika maji lilionyeshwa mwaka 1969, na Herbert Fleisch wa Uswisi na wenzake, kwamba linaweza kuwapunguza nguvu walaji wa mfupa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kampuni ya maziwa ya Kijapani, Snow Brand, na wale wa kampuni ya dawa ya Amgen ya Marekani, kila upande kivyake, waligundua ishara inayowaamsha walaji hao na kile kinachoizuia. Kutokana na elimu hiyo ilipatikana sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Dawa hizo zimewaokoa wazee wengi wasivunjike nyonga. Hata hivyo, mwaka 2003 ziliandikwa taarifa za wagonjwa, hasa wa saratani waliopewa dozi kubwa za zile dawa za kwanza, ambao waling'olewa jino na taya halikupona. Mfupa ulikufa ukabaki wazi. Asiyevunja hajengi. Kwa hiyo, mgonjwa anayetumia dawa za kuimarisha mifupa amweleze mpasuaji wake kabla ya kuguswa mfupa wowote, wala asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sasa nini kwetu sisi? Mgonjwa wa njia ya machozi hutoka hospitali akiwa na uvimbe, pengine na kijimpira chembamba cha silikoni kilichoachwa ndani kwa wiki au miezi. Huambiwa asipenge kamasi kwa nguvu siku za mwanzo, na huambiwa arudi. Wengi hawarudi. Jicho limekauka, nauli ni ghali, foleni ni ndefu. Mtu anaona ameshapona. Kumbe ndani wavunjaji wanasafisha kingo za mfupa, wajenzi wako kazini, na kovu linapima kama litaacha milimita 2 au litafunga mlango. Kuruhusiwa si kupona.

Na daktari asiyemwita mgonjwa wake arudi atajuaje kama kazi yake ilidumu? Historia yote hii inaonyesha kwamba ukweli ulipatikana kwa wale waliorudi kutazama: Hunter kwenye mifupa ya wanyama wake, Walker kwa panya wake, Linberg kwa wagonjwa waliokwisha kwenda nyumbani. Hospitali yenye daftari linaloandika nani amerudi na hali yake ikoje ina hazina kubwa kuliko nyingi tunazoziomba kwa wafadhili, na daftari halihitaji fedha za kigeni.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kadi ya kliniki ikiandika tarehe, itunze tarehe hiyo kama unavyoitunza siku ya mshahara. Na ukimwona mama jicho linamtoka machozi, usimuulize nani amemuudhi. Muulize kama amekwisha kwenda kuonana na daktari wa macho.