Ufunguo wa Al-Kaaba na Majina ya Wafalme

Katika Kiarabu, miftah, yaani ufunguo, na fat'h, yaani ushindi wa kuutwaa mji, ni maneno ya shina moja lenye maana ya kufungua. Kiswahili nacho kililiunda neno ufunguo kwa kitenzi chake chenyewe, bali kufuli kililipokea kutoka qufl ya Waarabu. Undugu huo wa ufunguo na ushindi wadhihirika sana katika historia ya mlango wa Al-Kaaba.

Mwaka 630, Waislamu walipoitwaa Makka, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliutaka ufunguo kwa Uthman bin Talha, akaingia ndani, kisha akamrudishia. Wafasiri wengi hulihusisha tukio hilo na aya ya 58 ya Sura An-Nisaa, iamrishayo amana zirudishwe kwa wenyewe. Jamaa zake, Bani Shayba, wameurithi ulinzi huo hata leo.

Kufuli iliyoenea katika nchi za Kiislamu zama za kati ilifungwa kwa kamani, yaani vyuma vyembamba vinavyonesa. Pingo lilipotiwa ndani, kamani zilitanuka zikalizuia lisitoke. Ufunguo wake haukuzungushwa. Ulisukumwa moja kwa moja, ukazibana kamani, na pingo likachomoka.

Makhalifa wa Bani Abbasi, na baadaye masultani Wamamluki wa Misri, waliitengenezea Al-Kaaba kufuli na funguo zenye majina yao. Jumba la makumbusho ya sanaa ya Kiislamu la Cairo lina ufunguo wenye jina la Sultani Shaaban, wa mwaka 765 Hijria (1363-64), uliotiwa nakshi za dhahabu na fedha. Wa Sultani Faraj bin Barquq, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15, umo Louvre, Paris. Na nyingine nyingi zimo katika jumba la Topkapi, Istanbul.

Jina la mfalme juu ya ufunguo lilikuwa kama jina lake katika hotuba ya Ijumaa na juu ya sarafu: tangazo la mamlaka. Lakini mwenye jina hakuwa mwenye kufungua. Mwaka 1517 dola ya Wamamluki iliangushwa na Waturuki wa Uthmaniya, na majina juu ya chuma yakabadilika. Mlango uliendelea kufunguliwa na Bani Shayba. Kwa mfalme ufunguo ulikuwa alama ya fat'h, kwa mlinzi ulikuwa amana. Na iliyodumu ni amana.