Sugu

Madaktari huita maumivu yanayozidi miezi 3 "maumivu sugu". Mkulima wa Njoro anaijua sugu ya kiganjani: ngozi iliyokomazwa na mpini wa jembe hadi haihisi. Mwenye fibromialjia, ugonjwa wa maumivu sugu mwilini, yuko kinyume. Neva zake hazikomai, zinazidi kuhisi. Hata kukumbatiwa kunaweza kumuuma. Kumwambia "utazoea" ni kumwonea, na nadhani neno hili "sugu" limechangia.

Baadhi ya wagonjwa hawa hutafuta nafuu kwa vipokea sauti vya masikioni: sikio moja mitetemo 200 kwa sekunde, jingine 210, na ubongo husikia mdundo wa mara 10 kwa sekunde. Dove, Mjerumani, aliugundua mdundo huo karne ya 19. Ushahidi wa tiba hii bado ni mchache, kwa hiyo dawa zisiachwe.