Joki ya Baze Ni ya Nani?

Mchongoano hauna mwenyewe. Ukirushwa Shauri Moyo saa kumi jioni, kufika saa mbili usiku ushavuka hadi Kaloleni na Majengo, ushabadilishwa namba ya matatu na jina la mtaa, na aliyeutunga bado yuko kwa kioski akingojea mkate nusu.

Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapa makao watu waliotolewa Pangani, na vyumba vilikuwa vidogo. (Ati chumba chenu ni kidogo hadi ndoto mnaota kwa zamu! Hiyo nimekupa bure, itumie.) Pasipo na sebule, sebule huwa nje, na hapo nje ndipo baze. Kwa baze hakuna aliyeuliza nani alitunga. Walioketi ndio majaji, na kosa lilikuwa moja tu: kurusha kitu ambacho wasee washasikia. "Hiyo imeoza!" Basi, umekwisha. Lakini ukiutoa mchongoano Shauri Moyo ukaurusha Jericho, ambako haujafika, wewe si mwizi. Wewe ni msafirishaji.

Neno "kuiba" lilikuja na pesa. Kwenye Vitimbi na Vioja Mahakamani kichekesho kilikuwa cha mhusika. Ulicheka na Mzee Ojwang, hukuuliza mistari imetoka wapi. Karibu na mwaka 2000 vijana watatu wa Redykyulass, Nyambane, KJ na Tony Njuguna, wakamuigiza Rais Moi kwenye runinga akiwa bado Ikulu, na nchi ikashika mbavu. Kisha Churchill akaweka watu mbele ya maikrofoni, mmoja mmoja, NTV ikirusha. Sasa joki moja ingeweza kulipa kodi ya nyumba. Na mtu wa mtaa ameketi Jumapili usiku, anasikia mchongoano wa baze yao ukipigiwa makofi.

Je, ameibiwa? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo la kushikika. Ya baze ilikuwa hewani tu. Aliyefika kwa kamera kwanza ndiye mwenye kitu cha kuonyesha. Hapo ndipo mimi huona uchungu wa kweli, kwa sababu aliyetunga hajui hata aanze kudai wapi.

Marekani nako mahakama si mahali pa kwanza. Mwaka 2007 Joe Rogan alimkabili Carlos Mencia jukwaani Comedy Store, Los Angeles, akimwita mwizi mbele ya watu. Mwaka uliofuata, wasomi wa sheria Dotan Oliar na Christopher Sprigman walieleza jinsi wachekeshaji wa huko wanavyojilinda: wanaaibishana, wanakataa kupanda jukwaa moja na mwizi. Lakini hiyo inafanya kazi kwa wanaojuana. Kijana wa Shauri Moyo atagomea jukwaa gani, na hana?

Halafu kuna ladha, na hapa tunadanganyana sana. Aliyelipa tiketi Westlands anataka hadithi mpya, ya maisha ya msemaji mwenyewe. Joki ya lafudhi za makabila anaiona imechacha. Mtu wa mtaa anaweza kuijua joki yote na bado aanguke chini, kwa sababu alikuja kusikia inavyorushwa. Kwa hivyo mchekeshaji tusiyempenda akirudia kitu, ni mwizi. Tunayempenda akirudia kilekile, "ameileta fiti."

Siku hizi kijana wa baze ana simu. Anajirekodi, anapakia TikTok, tarehe inabaki pale. Kesho yake msee wa Kayole ashaiga neno kwa neno, na huko chini watu wanabishana: mmoja anasema imeibwa, mwingine anasema huyu wa pili ndiye ameisema vizuri.