Gari-nyumba kutoka Ulaya hadi Afrika Mashariki: barabara au meli?

Kwa miaka mingi, mkazi wa Ulaya aliyetaka kufika Nairobi au Dar es Salaam na gari-nyumba lake, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, alikuwa na njia moja iliyozoeleka kuliko nyingine. Alifika Misri, akaufuata mto Nile hadi Sudan, akapanda milima ya Ethiopia, kisha akateremka hadi Moyale kwenye mpaka wa Kenya. Aprili 15, 2023, mapigano kati ya jeshi la Sudan na kikosi cha RSF yalizuka mjini Khartoum, na njia hiyo ikakatika katikati.

Tangu hapo, wanaopanga safari ya namna hiyo, wakiwemo Waafrika Mashariki waliostaafu Ulaya na wanaotamani kukaa nyumbani miezi kadhaa bila kuhamia kwa ndugu, hukabiliwa na swali la kuendesha au kupakia melini. Swali hilo huulizwa mara nyingi kana kwamba barabara ni hatari tupu na bahari ni usalama mtupu. Sivyo. Kila njia ina hatari zake, na tofauti kubwa ni namna zinavyobebwa. Barabarani, dereva na abiria wake huzibeba kwa miili yao. Baharini hubebwa na karatasi, na karatasi isipokuwa sawa, hasara humrudia mwenye gari.

Njia mbili za nchi kavu

Vita vya Sudan si kizuizi pekee upande wa mashariki. Msafiri aliyetoka Sudan kwa kawaida aliingia Ethiopia kupitia Gallabat na Metema, na Metema imo katika jimbo la Amhara, ambako serikali ya Ethiopia ilitangaza hali ya hatari Agosti 2023 kutokana na mapigano na wanamgambo wa Fano. Hivyo hata kama bunduki zingenyamaza Sudan, kipande kinachofuata cha safari kingehitaji kuchunguzwa upya.

Jambo la kusikitisha ni kwamba upande wa Kenya barabara imekuwa nzuri kuliko wakati wowote. Kipande cha Moyale, Marsabit hadi Isiolo, kilichoogopwa na madereva kwa mawe yake yaliyopasua matairi na kwa majambazi wake, sasa kina lami.

Njia ya magharibi ipo, na wapo wanaoipita. Huanzia Morocco, ikapita Mauritania na Senegal, ikafuata nchi za pwani hadi Nigeria na Cameroon, ikavuka Congo zote mbili na Angola, kisha Zambia hadi mpaka wa Tunduma. Ni safari ya miezi, yenye viza nyingi, vizuizi vya barabarani visivyohesabika, na matope ya Afrika ya Kati ambayo wakati wa masika humeza hata malori. Kukata njia kupitia Mali, Burkina Faso au Niger ili kufupisha mwendo si jambo la kufikiria kwa sasa, kwa sababu ya mashambulizi ya makundi yenye silaha.

Hapa inafaa kulitazama gari lenyewe. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya gari dogo la mizigo kama Fiat Ducato. Huvutwa na magurudumu ya mbele, tumbo lake liko karibu na ardhi, na sehemu yote ya nyuma ni kuta nyepesi zilizounganishwa kwa gundi na skrubu. Ni gari la lami. Picha za wasafiri wanaovuka Afrika zinazoonekana mitandaoni kwa kawaida ni za Land Cruiser au lori la jeshi lililogeuzwa nyumba, na anayedhani kuwa gari lake la likizo litafanya kazi hiyo hiyo atayajua makosa yake mahali pasipo na fundi.

Mafuta nayo ni tatizo linalosahaulika. Injini mpya za dizeli za Ulaya zina vichujio vya moshi vinavyoharibiwa na dizeli yenye salfa nyingi, na nyingi huhitaji pia kimiminika cha AdBlue, ambacho si rahisi kukipata mbali na miji mikubwa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015, lakini mtu hawezi kufika huko bila kwanza kujaza tangi katika nchi ambazo dizeli yake si ya kiwango hicho. Gari la zamani, ambalo muuzaji wa Ulaya angelidharau, hapa ndilo lenye nafuu.

Halafu kuna suala la upande wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Ethiopia, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo huendesha kulia. Gari la Ulaya Bara lina usukani kushoto. Katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, yenye misururu ya malori marefu, dereva wa gari kama hilo hawezi kuona mbele ya lori bila kwanza kulitoa gari lake karibu zima nje ya mstari. Abiria aliyekaa kulia ndiye anayegeuka jicho la dereva. Usiku, penye malori yaliyoharibika na kuegeshwa bila taa, jicho hilo halitoshi. Madereva wazoefu hupumzika jua linapotua, na huo ndio ushauri wa kufuatwa na mgeni pia.

Bima ya Ulaya haifiki mbali. Kadi ya Kijani huishia Morocco na Tunisia. Mashariki na kusini mwa Afrika hutumika Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo. Lakini kadi hizo hulipa hasa madhara anayotendewa mtu mwingine. Gari lenyewe likipinduka au kuibwa, mara nyingi hakuna wa kulilipa. Zaidi ya hayo, sera nyingi za bima ya safari na matibabu hufutika pale msafiri anapoingia eneo ambalo serikali yake imewaonya raia wasiende.

Baharini: nani ana ufunguo?

Gari-nyumba haliingii ndani ya kontena. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha takriban mita 2.28, na la kimo kirefu takriban mita 2.58, ilhali gari-nyumba hukaribia mita 3. Kwa hiyo hubaki njia mbili: meli ya magari, ambayo gari huendeshwa hadi ndani yake, au jukwaa la chuma lisilo na paa ambalo gari hufungwa juu yake na kupandishwa na winchi. Nauli ya meli ya magari hupimwa kwa mita za ujazo. Gari lenye urefu wa mita 7, upana wa mita 2.3 na kimo cha mita 3 ni mita za ujazo 48.3. Kibebea baiskeli cha nusu mita nyuma huongeza zaidi ya mita za ujazo 3, kwa hiyo ni busara kukivua.

Katika meli ya magari, ufunguo hukabidhiwa kwa wafanyakazi wa bandari, na gari hupita mikononi mwa watu wengi kabla halijafika. Wizi wa vitu vya ndani ni malalamiko ya kila siku ya wasafiri. Vyombo, nguo na vifaa kwa kawaida haviruhusiwi kusafiri ndani ya gari, au vikiruhusiwa havimo katika bima. Wengi hujenga ukuta wa mbao wenye kufuli kati ya kiti cha dereva na nyumba. Mitungi ya gesi lazima iwe mitupu au iondolewe kabisa, na tangi la mafuta liwe karibu na kuisha.

Ajali kubwa ni nadra, lakini si hadithi. Februari 2022 meli ya magari Felicity Ace, ikiwa na magari takriban 4,000, ilishika moto karibu na visiwa vya Azores. Mabaharia wote 22 waliokolewa, ila meli ilizama Machi 1. Novemba 19, 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka Galaxy Leader, nayo ni meli ya magari, katika Bahari ya Shamu, na mabaharia wake 25 hawakuachiwa hadi Januari 2025. Baada ya hapo kampuni nyingi zilizipitisha meli zake Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, mzunguko ambao huongeza kiasi cha siku 10 hadi 14.

Lipo jambo moja la sheria ya bahari ambalo huwashangaza wasiolijua. Nahodha akilazimika kutoa kafara sehemu ya shehena au kulipia uokoaji ili meli inusurike, gharama hugawanywa kwa wote wenye mali melini, hata ambaye mali yake haikuguswa. Meli ya makontena Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja ya aina hiyo, na wenye shehena wakatakiwa kutoa dhamana kabla ya kupewa mizigo yao. Mwenye gari-nyumba asiye na bima ya bahari angetakiwa kutoa dhamana kama hiyo mfukoni mwake.

Gharama nyingine husubiri bandarini. Jina kwenye hati ya shehena likitofautiana na la kwenye kadi ya gari, au wakala wa forodha akichelewa, siku za bure hupita na tozo ya hifadhi huanza kuhesabiwa. Meli huchelewa kuliko ndege, kwa hiyo tiketi ya ndege isiyoweza kubadilishwa ni kosa la kwanza la wengi.

Njia ya tatu

Baadhi ya wasafiri huchanganya. Hupakia gari hadi Walvis Bay nchini Namibia au Durban nchini Afrika Kusini, kisha huendesha kuelekea kaskazini. Kutoka Walvis Bay hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 4,000, karibu zote za lami, na nchi zote njiani huendesha kushoto. Anayepitia Botswana huvuka mto Zambezi kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021, badala ya kusubiri kivuko kwa siku kadhaa. Ugumu hubaki foleni ya malori ya Tunduma, matuta ya barabara kuu ya Tanzania, na askari wenye tochi katika kila kijiji chenye kibao cha kilomita 50 kwa saa. Kwa gari la kawaida la Ulaya, hii ndiyo safari ya barabarani inayolifaa, na meli zake hazina haja ya kupita Bahari ya Shamu.

Mlango wa kutokea

Hatari kubwa kuliko zote kwa mfuko wa msafiri haiko barabarani wala baharini. Iko katika kitabu cha forodha kiitwacho Carnet de Passages en Douane, kinachotolewa na vyama vya magari kama ADAC ya Ujerumani. Kitabu hicho huliingiza gari kwa muda bila kulipa ushuru, kwa dhamana inayotegemea thamani ya gari na nchi zitakazopitwa, na huisha baada ya mwaka mmoja. Kila nchi hugonga muhuri gari linapoingia na linapotoka. Muhuri wa kutokea ukikosekana, nchi hiyo ina haki ya kudai ushuru wote.

Ndiyo maana wazo la kuliacha gari kwa ndugu, au kuliuza safari ikiisha, huleta majuto. Kenya hairuhusu kusajili gari la kawaida lenye usukani kushoto, wala lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Hata gari lililoungua au kupinduka lisitengenezeke huhesabiwa kuwa limo nchini mpaka forodha ithibitishe kwa maandishi kuwa limeteketezwa. Mwenye kupanga kukaa zaidi ya mwaka anapaswa kuwauliza waliotoa kitabu, kabla ya kuondoka Ulaya, namna ya kukiongezea muda, na kuiweka bei ya meli ya kurudi katika hesabu zake tangu siku ya kwanza.