Majina ya Mashamba ya Divai katika Bonde la Franschhoek

Mgeni afikaye Franschhoek, mji mdogo uliozungukwa na milima upande wa mashariki wa Cape Town, huvutwa hasa na divai. Tangu mwaka 2012 iko tramu iwachukuayo wageni shamba kwa shamba, wakaonjeshwa divai na kusimuliwa habari za Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Ufaransa. Majina ya malangoni huyatia nguvu masimulizi hayo: La Motte, La Provence, Bourgogne. Majina hayo yafaa kuchunguzwa, kwani yako yanayoyasema na yako yanayoyanyamazia.

Zamani Waholanzi waliliita bonde hilo Olifantshoek, maana yake Kona ya Ndovu. (Nasema "kona" makusudi, "pembe ya ndovu" ingekuwa mali nyingine.) Wahuguenot walifika mwaka 1688, baada ya mfalme Louis XIV kuifuta, mwaka 1685, amri iliyoilinda dini yao. Wajuzi wa mizabibu miongoni mwao walikuwa wachache, mathalani ndugu watatu wa ukoo wa de Villiers waliofika mwaka 1689. Tena mizabibu ilikwisha pandwa Rasini mwaka 1655, na divai ya kwanza ilikamuliwa mwaka 1659. Basi kusema kuwa Wafaransa ndio walioileta divai ni kuwapa sifa isiyo yao.

Lugha yao nayo haikudumu. Kampuni ya Kiholanzi iliwachanganya kwa makusudi na walowezi wa Kiholanzi, na mwaka 1701 iliagiza watoto wafundishwe Kiholanzi. Baada ya vizazi viwili vitatu Kifaransa kilikwisha midomoni mwa watu. Hata majina ya koo yaligeuka, Cronier ikawa Cronjé. Malangoni mwa mashamba kikasalia.

Lakini walioyalima mashamba hayo wengi wao walikuwa watumwa, walionunuliwa Madagaska, Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia. Pwani yetu haikusalimika: kati ya mwaka 1776 na 1778 merikebu za Kampuni zilifika hata Unguja kutafuta watumwa. Mtumwa aliandikwa daftarini kwa jina alilopewa na bwana wake, likafuatwa na mahali alikotoka: "van Mosambique", "van Bengalen", mzalia wa Rasi aliandikwa "van de Caab". Wengine walipewa majina ya miezi, na hata leo ziko koo katika nchi hiyo ziitwazo September na February. Mfaransa alilipa shamba jina la kwao kwa hiari yake. Mtumwa alibandikwa la kwao kama bidhaa ibandikwavyo alama, na jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, ila waliofunguliwa walizuiliwa kwa mabwana zao miaka minne zaidi, kwa kisingizio cha kufunzwa kazi. Hata katika karne ya 20 vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, vikombe kadhaa kwa siku. Desturi hiyo, iitwayo "dop", iliacha ulevi mwingi, na watoto waliodhurika tumboni mwa mama zao.

Mwaka 1948 mnara wa kuwakumbuka Wahuguenot ulizinduliwa mjini. Watumwa walingoja hadi mwaka 2005, lilipofunguliwa jumba la makumbusho katika shamba moja la bonde hilo, nalo likaitwa kwa jina lile lile la daftarini: Museum van de Caab.