Mwembe wa Ritwik Ghatak

Mwembe huu unaitwa Mti wa Hekima. Uwanja huu ulikuwa wa studio za kampuni ya filamu ya Prabhat. Tangu 1960 ni chuo cha filamu cha Pune, India. Katikati ya miaka ya 1960 mwongozaji Mbengali Ritwik Ghatak alifundisha hapa, na kivulini mwa mwembe huu aliketi na wanafunzi wake, wakiwemo Mani Kaul na Kumar Shahani.

Ghatak alizaliwa Dhaka mwaka 1925. Kugawanywa kwa Bengal kati ya India na Pakistan mwaka 1947 kulimtenga na kwao, na uchungu huo haukumtoka: wakimbizi ndio moyo wa Meghe Dhaka Tara (1960), filamu ambayo wengi huiona kuwa bora kuliko zake zote. Filamu yake ya kwanza, Nagarik, aliikamilisha 1952. Ilionyeshwa 1977, yeye ameshafariki. Katika ya mwisho, Jukti Takko Aar Gappo, aliigiza mwenyewe kama Nilkantha, msomi mlevi anayetangatanga na maswali yake. Alifariki Kolkata, Februari 1976, akiwa na miaka 50.

Wanafunzi bado hukutana hapa. Karibu uketi nao, ila tafadhali usichonge jina lako kwenye gome.