La Boulangère de Monceau

La Boulangère de Monceau (maana yake kwa Kiswahili: "Msichana wa duka la mikate wa Monceau") ni filamu fupi ya Ufaransa iliyotolewa mwaka 1963. Iliandikwa na kuongozwa na Éric Rohmer (1920–2010). Ina urefu wa dakika 23 hivi, haina rangi, na ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16. Ni ya kwanza kati ya filamu sita za Rohmer zinazojulikana kama "Visa Sita vya Maadili", ambazo zinahusu vishawishi, tamaa na jinsi mtu anavyojitetea mbele ya nafsi yake.

Mmoja wa waigizaji wake, Michèle Girardon, anafahamika pia katika historia ya filamu nchini Tanzania, kwa kuwa aliigiza katika Hatari! (1962), filamu ya Marekani iliyopigwa Tanganyika, pamoja na Momella chini ya Mlima Meru.

Hadithi

Msimulizi ni kijana anayesoma sheria mjini Paris. Kila siku njiani kwenda kula chakula cha jioni anapishana na msichana mrefu aitwaye Sylvie, naye anampenda bila kuthubutu kumsemesha. Siku moja wanagongana barabarani, wanaongea kidogo, na Sylvie anaonyesha kwamba atakubali kuonana naye siku nyingine. Baada ya hapo Sylvie haonekani tena.

Kijana anaamua kuacha chakula cha jioni ili apate muda wa kumtafuta mitaani na sokoni. Kwa sababu ya njaa anaingia katika duka dogo la mikate na kununua biskuti. Anarudi kesho yake, na keshokutwa. Muuzaji ni Jacqueline, msichana wa miaka 18. Kidogo kidogo anaanza kumtania, na idadi ya keki anazonunua inaongezeka. Anajiambia kwamba ni mchezo tu, tena kwamba msichana huyo amekosea kumdhania kuwa wa kiwango chake. Mwishowe anamwomba watoke pamoja jioni, naye Jacqueline, baada ya kusitasita, anakubali.

Siku yenyewe ya miadi, kijana anakutana na Sylvie. Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu na kukaa ndani. Nyumba yake inatazamana na duka la mikate, na kutoka dirishani alikuwa akimwona kijana akiingia dukani. Kijana anaondoka na Sylvie, na Jacqueline haambiwi neno. Miezi sita baadaye kijana na Sylvie wanafunga ndoa. Wakati mwingine wanakwenda pamoja kununua mkate katika duka lile, lakini Jacqueline hayupo tena.

Waigizaji

Barbet Schroeder – kijana msimulizi (sauti ya usimulizi ni ya Bertrand Tavernier)
Michèle Girardon – Sylvie
Claudine Soubrier – Jacqueline

Schroeder na Tavernier wote wawili walikuja kuwa waongozaji mashuhuri. Mwaka 1974 Schroeder alitoa filamu ya hali halisi kuhusu Idi Amin, rais wa Uganda wa wakati ule.

Utengenezaji

Kabla ya kuingia katika filamu, Rohmer alikuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari, kisha akawa mhariri wa jarida la Cahiers du cinéma. Mwaka 1962 yeye na Schroeder walianzisha kampuni ya Les Films du Losange. Fedha zilikuwa chache. Mitaa, soko na watu wanaoonekana ni wa Paris halisi, katika wilaya ya 17 ya jiji hilo.

Maudhui

Visa vyote sita vina muundo mmoja: mwanamume aliyekwisha kumchagua mwanamke mmoja anashawishika na mwingine, kisha anarudi kwa yule wa kwanza. Matendo ni machache. Uzito uko katika maneno. Katika filamu hii maneno mengi ni ya msimulizi mwenyewe, na mtazamaji anapaswa kuyapima kwa yale anayoyaona kwa macho. Msimulizi anadai kwamba kumwacha Jacqueline ulikuwa uamuzi wa kimaadili, kwa kuwa Sylvie ndiye aliyekuwa chaguo lake la kweli. Picha zinaonyesha msichana wa dukani aliyechezewa na kijana mwenye elimu, kisha akaachwa.

Methali ya Kiswahili inasema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Katika kisa hiki mshikaji hapati hasara yoyote. Hasara inabaki kwa aliyeponyoka. Tofauti ya kitabaka ndiyo inayomwezesha kijana kuiona hasara hiyo kuwa ndogo.

Uhusiano na Arusha

Kabla ya kuigiza kama Sylvie, Girardon alikuwa Tanganyika kwa ajili ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, na John Wayne akiwa mwigizaji mkuu. Humo anaigiza kama Brandy, binti aliyerithi kambi ya kukamata wanyama pori kwa ajili ya bustani za wanyama. Wanaume wawili wanashindana kumpata, mmojawao akiigizwa na Mfaransa Gérard Blain, lakini Brandy anampenda mtu wa tatu. Karibu na mwisho wa filamu hiyo tembo wachanga wanakimbia katika mitaa ya mji wa Arusha. Eneo la maziwa ya Momella sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Hawks alikuwa miongoni mwa waongozaji waliosifiwa sana na Rohmer na wenzake wa Cahiers du cinéma. Hata hivyo filamu hizi mbili ziko mbali: moja ina magari, vifaru na mandhari ya Meru, nyingine ina barabara chache na duka la mikate. Brandy anajichagulia mwenyewe mbele ya wote, ilhali Sylvie anatazama tu kutoka dirishani.

Visa vilivyofuata

La Carrière de Suzanne (1963)
La Collectionneuse (1967)
Ma nuit chez Maud (1969)
Le Genou de Claire (1970)
L'Amour l'après-midi (1972)